Ndoano ya Waya wa Mwavuli

Mimi nilisoma madarasa mawili tu ya misheni, tena la pili sikulimaliza, kwa hiyo atakayekuta maneno yangu yamepinda anivumilie. Lakini jambo moja nalijua kuliko wengi waliosoma. Samaki aliyemeza ndoano, ukamkatia mshipi ukamrudisha majini, si lazima afe. Anaweza kuishi, akanenepa, akakushinda wewe uliyebaki nchi kavu. Nalijua kwa sababu jambo hilo lilininyang'anya maji ya shamba langu kiangazi kizima, halafu likamnyang'anya mwenzangu maji yake viangazi viwili. Hivyo viwili vya mwenzangu ndivyo ninavyovikumbuka kwa raha. Sifichi. Nimeshazeeka, nimfiche nani?

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Vijana wetu waliopelekwa Bama walikuwa wamesharudi na makoti yao mazito, wanayavaa hata jua la saa saba, jasho linawatoka na hawayavui. Mimi vitani sikwenda. Nilikwenda kukata mkonge kule bondeni, upande wa mto Ruvu, nikakaa miaka mitatu. Mkonge ni mmea mbaya, una mwiba nchani, na maji yake yakikurukia unajikuna mpaka unatukana wazazi wa aliyeupanda. Ila huko ndiko nilikojifunza samaki.

Maana sisi watu wa juu samaki hatukumjua. Nyanya yangu alimwita nyoka mfupi. Chakula chetu ni makande, na ndizi, na nyama siku ya sikukuu. Nilipokula perege mara ya kwanza kule kambini niliogopa usiku kucha kwamba tumbo litanigeuka. Halikugeuka. Kesho yake nikaomba tena.

Jirani yangu wa kambini alikuwa mzee mvuvi, hana meno ya mbele, anaongea maneno yanapuliza. Yeye ndiye aliyenifundisha. Siku moja samaki wangu alimeza ndoano yote, nikawa navuta. Akanipiga kofi mkononi.

"Unafanya nini wewe? Akishameza usivute! Utamtoa roho na utumbo pamoja. Kama humtaki, kata mshipi hapa mdomoni, mwache aende zake."

"Si atakufa, Mzee? Ana chuma tumboni."

Akafungua kopo lake la tumbaku, akamwaga kiganjani ndoano tatu nyeusi, zimeliwa na kutu, moja imebaki nusu.

"Hizi nimezitoa kwenye matumbo ya samaki wazima, wanene kuliko wewe. Si zangu. Wengine wanakufa, sikudanganyi. Ukivuta ndiyo wanakufa zaidi. Ukiwaacha, tumbo lenyewe linaifunga ile ndoano, linaila polepole."

Nikaliweka neno hilo kichwani. Sikujua kwamba siku moja litakuwa shahidi wangu wa pekee.

Nikarudi nyumbani juu, nikaoa binti wa Kisiwani, kile kijiji cha chini ya mlima, baba akanigawia shamba chini ya ndiva. Kwa asiyejua ndiva, ni bwawa letu la wazee, lina ukuta wa mawe na udongo. Maji ya kijito yanaingia humo usiku kucha yanajaa, asubuhi mwenye zamu anazibua tundu, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Leo wewe, kesho yule. Bila zamu ya maji, wakati wa kiangazi, shamba ni uwanja wa kuku. Ndiva yetu ilikuwa kubwa, na tundu lake liko juu kidogo ya sakafu, kwa hiyo hata ukiizibua hubaki dimbwi upande wa ukuta, la kumfika mtu kifuani.

Kwenye dimbwi hilo ndiko serikali ilikoleta samaki. Alikuja Bwana Shamba kutoka Same, Mwafrika mwenzetu ila si wa kwetu, kaptula imepigwa pasi, nyuma yake watu wamebeba madebe kichwani na maji yanawamwagikia shingoni. Akatwambia hawa ni perege, watazaana, watoto wetu watapata afya. Akatwambia asiwaguse mtu mpaka yeye arudi aseme sasa. Wanawake wakacheka wakaziba pua. Mzee wa ndiva, ambaye ndiye aliyegawa zamu na kuamua ugomvi wa maji, akatazama ndani ya debe kwa muda, akasema, "Haya. Kama hawatakunywa maji mengi."

Akahitajika mlinzi. Akateuliwa jirani yangu.

Huyu sasa ndiye ninayemwandika. Tulikua pamoja, tulichunga pamoja, tuliimba pamoja kwaya ya watoto. Shamba lake lilikuwa chini ya langu kwenye mfereji huohuo, maji yakitoka kwangu yanaingia kwake. Ulinzi ulimletea kofia ya kaki. Alivaa kofia ile shambani, alivaa kwenye pombe, alivaa mpaka mlangoni mwa kanisa, na pale aliivua kwa sababu tu mchungaji alimkazia macho. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza ndege na kufunga tenga kwenye tundu kila asubuhi, samaki wasichukuliwe na maji. Kumbukeni hilo tenga.

Basi. Sasa nije kwenye kosa langu, maana nalo lipo.

Mama yangu alikuwa na mwavuli ambao baba alimnunulia Same mwaka waliooana. Kwetu mvua ikianza haijui kunyamaza, na mwanamke mwenye mwavuli alikuwa mtu. Upepo ukauvunja. Mama akalia kama amefiwa, halafu akanipa mifupa yake. Nikachukua waya mmoja, nikaukata, nikautia motoni, nikaukunja, nikaunoa kwenye jiwe siku mbili nzima. Nikapata ndoano mbili, pacha, kila moja na kitanzi kilichozungushwa mara mbili juu. Nilijivuna nazo. Nilikwenda nazo kwenye dengelua, ile pombe yetu ya miwa, nikawaonyesha watu, nikasema, "Kule Ruvu tulikuwa tunawatoa kama viazi." Mjinga gani anaonyesha panga lake kabla hajaiba? Mimi.

Nilikuwa na hamu ya samaki, ndiyo hiyo tu. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba mke wangu alikuwa mjamzito na yeye ndiye aliyetamani. Mjamzito alikuwa kweli, lakini hakutamani samaki. Nilitamani mimi.

Nikachagua Jumapili wakati wa ibada, watu wote wako kanisani na mlinzi mwenyewe yuko kwenye kwaya, sauti ya tatu. Nikakaa kwenye ukuta wa ndiva, nikatupa mnyoo. Hakukawia. Nikavuta, nikaona perege mdogo, upana wa kiganja, ameimeza ndoano mpaka tumboni. Ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma ya migomba.

Hapo nako huwa nasema nilimwonea samaki huruma. Uongo. Niliogopa. Nilitoa kisu nikakata mshipi karibu kabisa na mdomo, kama alivyonifundisha yule mzee, nikamtupa majini. Akazama, akageuka mara moja ubavu, akaenda. Nilimwona akienda.

Jirani yangu akatoka migombani na kofia yake. Kumbe sauti ya tatu ilikuwa imeachiwa wengine.

"Umevua," akasema.

"Sina kitu mkononi."

"Umevua, nimekuona."

"Nimemrudisha. Yuko mzima humo."

Akatabasamu. Tabasamu lile ningelitambua hata leo gizani.

Asubuhi ya Jumatatu nikaitwa ndivani. Wazee wamekaa kwenye mawe. Mbele yao, juu ya jani la mgomba, amelala perege mdogo, amekufa, magamba yamechubuka.

Nikaamkia, "Shikamooni."

"Marahaba," wakajibu wachache.

Jirani yangu akasimama, kofia kifuani kama mtu anayesali. "Wazee wangu, nimemkuta asubuhi anaelea. Ndiye huyu aliyemezeshwa chuma. Bwana Shamba akija nitamwambia nini?"

Nikasema, "Si huyu. Wangu alikwenda mzima. Samaki akimeza ndoano ukamkatia mshipi anaweza kuishi, wavuvi wa Ruvu wanalijua hilo."

Mzee mmoja mfugaji akacheka. "Kijana, ng'ombe wangu alimeza msumari, alikufa siku ya nne. Na ng'ombe ana matumbo manne! Huyu maskini ana moja."

Watu wakacheka wote. Na mimi nakiri, maneno yale yalikuwa na akili kwa mtu anayejua ng'ombe tu. Pale hakuna aliyejua kitu kingine. Walimpima samaki kwa kipimo cha zizini, na mimi nikawa mwongo.

Nikasema, "Basi mpasueni. Kama ndoano yangu imo, mnihukumu mtakavyo. Kama haimo, mniache."

Mzee wa ndiva akanitazama kama nimetapika mbele yake. "Hapa? Hapa tunapochinja mbuzi wa maji, ndipo tupasue nyoka?"

Maana pale ukutani ndipo palipochinjwa mbuzi kila mwaka kuombea maji. Sisi wa kanisani siku hiyo tulikuwa tukisogea pembeni tu, tukirudi wakati wa nyama. Damu ya samaki pale ingekuwa uchafu. Nikasema tumpeleke pengine. Jirani yangu akawahi, akamchukua samaki na jani lake. "Msijitie najisi, wazee wangu, nitamfukia mimi." Akaenda naye. Alikwenda upesi mno kwa mtu asiye na haraka.

Wakanipekua, wakaikuta ndoano ya pili, ile pacha, imechomekwa kwenye ukosi wa shati. Mzee wa ndiva akaitia kwenye mfuko wake wa ugoro. Halafu akasema hukumu. Umeharibu kitu cha ndiva, basi ndiva haikujui. Zamu yako imeondolewa viangazi viwili. Maji yako atayatumia mlinzi, maana kazi yake haina malipo.

Hapo nikaelewa. Nikamtazama jirani yangu, naye alikuwa anatazama mfereji.

Kuna mateso mengi duniani, lakini kusikia maji yanapita pembeni mwa shamba lako na huruhusiwi kuyagusa, ni mateso ya aina yake. Yanapita yanaongea. Mahindi yangu yalijikunja majani kama mtu anayesikia baridi. Mke wangu akawa anateka maji kijitoni kwa mtungi, anapanda nao kilima, anamwagilia maharage shina kwa shina, tumbo liko mbele. Na yule bwana anasimama kwenye mpaka wetu na kofia yake.

"Jirani, maji yangu yakikurukia kidogo usiyalambe, nitashtaki."

Siku nyingine: "Jirani, samaki wanakusalimu. Wanauliza lini utawaletea chuma kingine, wanataka kujengea nyumba."

Kijiji kizima wakaudaka utani huo. Wanawake wakikutana nami njiani, "Shikamoo Bwana Ndoano." Mimi kijana ninayeamkiwa shikamoo na mama watu wazima!

Mahindi yakafa. Maharage tukavuna ya kujaza kofia. Njaa ilipobisha hodi, baba mkwe akatuma ujumbe kutoka Kisiwani kwamba mwanawe arudi nyumbani akajifungue huko, kuna chakula. Nikamsindikiza mpaka nusu ya mteremko. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa ukweni, akapewa maziwa ya ukweni, na mimi nilimwona akiwa na wiki sita, tayari anamlilia babu yake wa upande ule. Kwetu jambo hilo haliishi kusemwa. Nilipanda mlima kurudi peke yangu, na kila hatua niliyokanyaga nilikuwa nimekanyaga kofia ya kaki.

Jumapili moja mchungaji akahubiri kusamehe saba mara sabini. Nikasema amina kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nawaza samaki wangu. Nilikuwa nikienda ukutani kila nilipopita njia ile, nasimama mbali nisishitakiwe, natazama dimbwi. Nilikuwa nawaona wakija juu asubuhi kuvuta hewa, vinywa vinafunguka na kufunga. Nikawa nasema, ishi wewe. Kula, nenepa, ishi. Sijawahi kumwombea mtu uzima kama nilivyomwombea samaki yule.

Maana nilikuwa najua kitu. Kila mwaka kabla ya kiangazi linapigwa baragumu, watu wote wanatoka kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, ukuta unatobolewa chini, ndiva inakaushwa kabisa, tope linatolewa. Siku hiyo kila kilichomo kitaonekana.

Lakini ulipofika wakati wake, baragumu halikupigwa. Mlinzi alikuwa amemwambia Mzee wa ndiva kwamba Bwana Shamba amekataza kukausha, samaki watakufa. Wakamwamini. Tope likazidi kujaa, maji yakapungua, watu wakaanza kugombana kwenye zamu, na yeye anajibu, "Amri ya serikali, nifanye nini?"

Nikafunga makande kwenye jani la mgomba, nikashuka Same kwa miguu. Nilitoka alfajiri, nikafika jua likiwa kali, vumbi la bondeni limenipaka kama unga. Ofisini kwa Bwana Shamba mlangoni kulikuwa na tarishi, mtu mnene, anakula karanga.

"Una shida gani?"

"Nataka kumwona Bwana Shamba. Ni habari za samaki."

"Samaki wamekutuma?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Wamechoka na tope."

Akanitazama, akacheka mpaka karanga zikamwagika, akaniruhusu nikae kwenye benchi. Nilikaa siku hiyo na kesho yake. Bwana Shamba alipotoka nikamwambia maneno mafupi: ndiva inajaa tope, perege wanavuta hewa juu, mlinzi anasema wewe umekataza isikaushwe. Akakunja uso.

"Mimi? Sikukataza. Wameshakua hao, ilikuwa niwaambie wawale. Nitakuja wiki ijayo."

Habari zangu mwenyewe sikumwambia hata neno. Nilitaka zisemwe na mwingine.

Siku ya msaragambo watu walijaa. Wanaume na majembe, wanawake na vyungu vya makande vinachemka pembeni, Bwana Shamba na kaptula yake juu ya jiwe. Ukuta ukatobolewa chini. Maji yakatoka kwa kishindo, dimbwi likashuka, likashuka, na tope likaanza kucheza. Perege walikuwa wengi! Wanaruka, wanapigapiga mikia, watu wazima wakawa wanakimbia wanaanguka kama watoto. Wakajazwa kwenye vikapu, wengi upana wa sahani.

Bwana Shamba akasema, kila nyumba itapata wake. "Sasa nani atawapasua? Lazima utumbo utoke kwanza."

Wanawake wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Si walikuwa wanaziba pua? Hakuna mtu mlima mzima aliyewahi kupasua samaki. Isipokuwa mmoja.

"Nitawapasua mimi," nikasema.

Nikachagua jiwe bapa chini ya ukuta, mbali na pale pa mbuzi, mtu asije akaniletea maneno ya najisi. Nikanoa kisu changu taratibu. Jirani yangu alikuwa amesimama karibu, nikamwambia kwa adabu, "Jirani, nisaidie. Niletee mmoja mmoja." Bwana Shamba akamwamuru, "Msaidie." Basi akawa ananiletea, kofia kichwani, tope mpaka magotini.

Nikapasua wa kwanza. Nikafungua tumbo kwa kidole, mbele ya watu, polepole. Hakuna kitu. Wa pili. Hakuna. Watu wakakusanyika, wanashangaa mayai, wanashangaa ile puto nyeupe ya pumzi. Yule mzee mfugaji akasema, "Kumbe lina tumbo dogo hivi!" Nikasema, "Ndiyo Mzee, moja tu." Wengine wakaanza kukumbuka. Kelele zikapungua. Nilisikia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Anatafuta ndoano yake."

Jirani yangu alianza kwa kunitania. "Endelea Bwana Ndoano, huenda ukakuta na jembe humo." Wakacheka. Kikapu cha kwanza kikaisha. Kikapu cha pili kikafika nusu, hakuna kitu, mikono yangu inanuka, mgongo unauma, na moyoni hofu imeanza kunipanda. Yule mzee wa Ruvu alisema wengine wanakufa. Kama wangu alikufa kweli? Kama nimeshuka Same, nimekusanya mlima wote, ili nijivue nguo mwenyewe? Sikumtazama mtu usoni. Nikapasua.

Halafu nikaona kitu. Jirani yangu alikuwa anapapasa samaki kikapuni kabla ya kunipa, anawabonyeza matumbo kwa kidole gumba. Mmoja alimsogeza kando kwa mguu, chini ya majani.

Nikasema kwa sauti ya wote kusikia, "Na huyo je, Jirani?"

"Huyu? Huyu ameharibika."

"Anapiga mkia."

Watu wakageuka. Samaki alikuwa anapiga mkia kweli, mkubwa, mnono kuliko wote, tope linamruka. Bwana Shamba akasema, "Mlete huyo." Jirani yangu hakusogea. Akainama mtu mwingine akamleta.

Niliposhika tumbo lake nilijua. Kulikuwa na kitu kigumu ubavuni, kama punje ya mahindi. Nami nakiri nilisita kidogo. Alikuwa hai mkononi mwangu, kinywa kinafunguka na kufunga, ameishi zaidi ya mwaka na waya wa mama yangu tumboni, amekua, huenda na watoto ameshapata. Na ili niwaonyeshe watu kwamba hakufa, ilibidi nimwue. Mtu mwema angetafuta njia nyingine. Mimi nilimtia kisu.

Ilikuwa imefungwa na nyama nyeupe, ngumu, kama kovu. Nikaikata, nikaitoa, nikaiosha kwenye maji ya mfereji. Imekuwa nyeusi, ncha imeliwa na kutu, lakini kitanzi kipo, kimezungushwa mara mbili. Nikampelekea Mzee wa ndiva kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Baba. Naomba ile nyingine."

Akafungua mfuko wa ugoro. Akatafuta kwa kidole, akaitoa, ina vumbi la tumbaku. Akaziweka zote kwenye kiganja, akapiga chafya, akazitazama muda mrefu. Wazee wakainamisha vichwa. Pacha.

Yule mfugaji akatikisa kichwa. "Ng'ombe wangu," akasema, "angezaliwa samaki!"

Hakuna aliyecheka. Mzee wa ndiva akamgeukia mlinzi. "Wewe. Yule uliyetuletea kwenye jani la mgomba, ulimtoa wapi?"

Jirani yangu akavua kofia. Bila kofia alikuwa na kichwa kidogo tu. Akasema chini chini, "Alinasa kwenye tenga."

"Sema wasikie."

"Alinasa kwenye tenga! Sikulifunga vizuri ile asubuhi. Maji yalimbana. Niliogopa kunyang'anywa kazi."

"Na maji ya mwenzio, nayo yalinasa kwenye tenga?"

Akaikunja kofia mikononi.

Mzee wa ndiva akasema pale pale, watu wamesimama na matope yao. Zamu yangu irudi tangu siku hiyo. Na ya mlinzi iondolewe viangazi viwili, kama alivyotaka mimi niondolewe, na maji yake nipewe mimi. Bwana Shamba naye akanyoosha mkono, akaichukua kofia.

Samaki yule nilikwenda naye nyumbani. Nikamchoma, nikamla peke yangu, kichwa na macho na mapezi. Mama aliomba kuonja nikamwambia huyu haliwi na mwingine.

Baada ya siku tatu alikuja mama wa jirani yangu na kibuyu cha dengelua. Mama yule alikuwa amenipa maziwa utotoni, siku mama yangu alipougua. Akaketi mlangoni, akasema, "Mwanangu, mwenzio amekosa. Ana watoto wanne. Mwachie hata nusu." Nikamwamkia vizuri. Nikamwambia, "Mama, hiki kibuyu nakipokea kwa ajili yako. Maji, hapana." Akanitazama, akainuka kwa kushika magoti. Kibuyu nilikinywa.

Ikafika zamu yangu ya kwanza. Mke wangu alikuwa amerudi kutoka Kisiwani na mtoto mgongoni. Nilizibua ndiva mwenyewe, nikakimbia na maji pembeni mwa mfereji mpaka shambani, yanasukuma majani makavu mbele yake, yananguruma. Yakaingia kwangu, udongo ukayanywa kwa sauti. Ndipo nikaenda mpakani, pale yalipokuwa yakipita kuingia kwake, nikakata mabonge ya tope na majani, nikaziba. Nikakanyaga. Ya kwangu yakiwa yametosha niliyaacha yafurike, yatuame, yaozeshe mashina ya mahindi yangu mwenyewe, mradi yasivuke.

Jirani yangu akaja akasimama upande wake, kichwa wazi juani. Mahindi yake yalikuwa yameshaanza kujikunja. Akasema, "Jirani. Hata ya kunawia miguu?"

"Nenda kawaulize samaki."

Akaondoka. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, anambembeleza mtoto, ameona yote. Hakunisifu. Akasema tu, "Baba fulani, bado hujashiba?"

"Bado," nikamwambia, nikainama kukata bonge jingine.